Harufu ya beberu kwenye mwerebi: jibu kuhusu kiwavi mwekundu anayetoboa miti

Swali la msomaji: Mimi ni mzaliwa wa Lamu na sasa ninaishi Uholanzi, mwendo wa nusu saa kutoka Den Haag. Nyuma ya nyumba yangu kuna mfereji, na kando ya mfereji umesimama mwerebi mzee ambao umekatwa kichwa, yaani matawi yake yote ya juu, mara nyingi. Mwezi wa Septemba nilimkuta kiwavi akivuka njia ya bustani, mnene kama kidole changu cha shahada, mgongo mwekundu kama damu iliyoganda, urefu wake karibu upana wa kiganja. Nilipouchunguza mwerebi niliona matundu ambayo kidole kinaingia, vumbi la mbao shinani, majimaji yakichuruzika kwenye gome, na harufu kama ya zizi la beberu. Jirani yangu ananiambia niukate mti na kuuchoma kabla mdudu hajahamia kwenye mtufaha wangu na kwenye mbao za nyumba. Nifanye nini?

Ndugu msomaji, kwa ufupi, usiukate mti huo kwa sababu ya kiwavi peke yake. Maelezo yafuatayo ni marefu kwa kuwa umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, na ushauri wa jirani yako, ingawa umetolewa kwa nia njema, umechanganya yaliyo kweli na yasiyo kweli.

Dalili ulizozitaja zinatosha kumtambua mdudu huyu bila picha, maana unene wa kidole, mgongo mwekundu uliokolea, ubavu wa rangi ya manjano inayoelekea waridi, kichwa cheusi kinachong'aa na harufu ile havikutani kwa kiwavi mwingine katika nchi unayoishi. Huyo ni kiwavi wa nondo ambaye Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyevipa viumbe majina ya kisayansi, alimwandika mwaka 1758 na ambaye leo anajulikana kitaalamu kwa jina la Cossus cossus. Waholanzi humwita wilgenhoutrups, yaani kiwavi wa mti wa mwerebi, na ukilitafuta jina hilo utapata picha za kutosha kulinganisha na ulichokiona. Waingereza wamempa jina la mbuzi kwa ajili ya harufu yake, nami katika jibu hili nitamwita nondo-beberu, nikiwaomba radhi wale ambao neno beberu huwapeleka moja kwa moja kwenye siasa.

Nianze na kiwavi uliyemkuta njiani, kwa sababu hapo ndipo jirani yako alipokosea zaidi. Kiwavi mwenye ukubwa huo, anayetembea ardhini mwishoni mwa kiangazi cha Ulaya au mwanzoni mwa vuli, hatafuti mti mwingine wa kula. Amekwisha kula. Ameishi ndani ya mwerebi wako kwa miaka kadhaa, amehitimisha kazi yake ya kukua, na sasa anatafuta udongo laini au kisiki kilichooza ambamo atajichimbia, ajifumie kifukofuko cha hariri kilichochanganyika na chembe za udongo na mbao, apitishe humo majira ya baridi akiwa angali kiwavi, kisha ageuke pupa, ile hatua ya utulivu kabla ya kuwa nondo, wakati wa machipuko. Kwa hiyo uliyemwona alikuwa akihama bustanini kwako, hakuwa akiingia. Wapo wenzake ambao hawasumbuki kutoka kabisa, bali hugeuka pupa ndani ya mti wenyewe, karibu na mdomo wa tundu, na hao ndio watakaokuachia ushahidi nitakaoutaja mwishoni.

Maisha yake huanza juu ya gome. Nondo wazima hutokea mwezi wa Juni na Julai, wakiruka usiku. Ni wakubwa kwa kipimo cha nondo wa Ulaya, kwani mabawa yakitandazwa hufikia kati ya sentimita 7 na zaidi ya 9, na jike humzidi dume. Hata hivyo unaweza kupita mbele yake mchana kutwa usimwone, kwa kuwa rangi yake ya kijivu na hudhurungi, iliyochorwa mistari myeusi membamba kama nyufa, humfanya afanane na kipande cha gome kilichobanduka. Nondo huyu hali chochote. Hana mrija wa kunyonyea unaofanya kazi, na siku zake chache za utu uzima anazigharamia kwa mafuta aliyoyaweka akiba alipokuwa kiwavi. Jike hutoa feromoni, yaani kemikali ya kumwita dume, ambayo pua zetu haziisikii kabisa, na baada ya kupandwa hutambaa juu ya shina akitafuta ufa au jeraha. Akilipata, hurefusha mrija wake wa kutagia na kuyapenyeza mayai ndani ya ufa huo kwa mafungu, hadi yatimie mamia.

Viwavi wanaoanguliwa ni wadogo sana, na mwanzoni hukaa pamoja chini ya gome wakila lile tabaka laini lililo kati ya gome na mbao, ambalo ndilo lenye utomvu na chakula kizuri. Baada ya majira ya kwanza ya baridi hutawanyika, kila mmoja akaanza kuchimba njia yake kuelekea ndani ya mbao ngumu. Ukipasua gogo lenye njia hizo utaona kwamba si duara kamili kama tundu la keekee, bali zimebonyea kidogo kama yai lililolazwa, kuta zake zimekuwa nyeusi na laini, na nyingine zinapanda na kushuka ndani ya shina kwa kufuata urefu wa nyuzi za mbao. Lile vumbi uliloliona shinani ni vipande vya mbao vilivyotafunwa pamoja na kinyesi, ambavyo kiwavi huvisukuma nje kupitia tundu la chini ili njia yake isizibe. Harufu nayo hutoka kwenye tezi zilizo karibu na mataya yake, ambazo hutoa majimaji yenye mafuta anapobughudhiwa, na miaka ikipita harufu hiyo huingia ndani ya mbao zenyewe kiasi kwamba wajuzi hutambua mti uliokaliwa kwa kupita tu karibu nao. Ukimshika, mshike kwa glovu, kwa sababu mataya yanayokata mwaloni hayashindwi na ngozi ya kidole.

Mbona anakaa muda mrefu hivyo? Kiwavi wa kabichi humaliza ukuaji wake katika wiki chache, ilhali huyu huchukua kwa kawaida miaka miwili hadi minne, na pengine zaidi. Tofauti yao ni chakula. Jani ni laini na lina protini ya kutosha, lakini mbao ni chakula duni mno, kwa kuwa karibu yote ni nyuzi ngumu zisizosagika kwa urahisi, na protini iliyomo ni chembe tu. Mdudu anayetaka kujenga mwili mkubwa kwa chakula cha namna hiyo hana budi kula nyingi na kungoja sana. Faida anayoipata badala yake ni usalama: ndani ya shina hakuna mvua, baridi hupungua makali, na ndege wengi hawamfikii, isipokuwa kigogota, ambaye anajua kusikiliza.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya bustani yako, ingawa si mbali, kwa sababu kiwavi huyuhuyu wa mwerebi alipata umaarufu katika mji ulio jirani nawe. Pierre Lyonet, aliyezaliwa Maastricht mwaka 1706, alikuwa mwanasheria aliyeishi Den Haag (au Hague, kama wengi wetu tulivyozoea kuuita kwa sababu nyingine kabisa), na kazi yake rasmi serikalini ilikuwa kutafsiri nyaraka na kufumbua barua za siri. Katika saa zake za faragha alimpasua kiwavi huyu chini ya hadubini, akamchora sehemu kwa sehemu, akachonga mwenyewe sahani za shaba za kuchapia michoro, na mwanzoni mwa miaka ya 1760 akatoa kitabu kinene kinachozungumzia mwili wa kiwavi huyu mmoja tu. Alihesabu misuli zaidi ya 4,000 ndani yake, wakati mwili wa binadamu una misuli 600 na ushei. Alikadiria pia kwamba kiwavi aliyekomaa ana uzito usiopungua mara 72,000 ya ule aliokuwa nao alipotoka yaini. Wapo waliodhani ametunga, kwa sababu michoro yake ilikuwa na umakini usioaminika. Mimi huwaza hesabu ile ya misuli kila ninapoona tundu katika mwaloni, kwa maana mwili unaosogea kwa kujikunja na kujinyoosha ndani ya bomba lisilo na nafasi ya kugeukia unahitaji misuli mingi ya kuuvuta huku na huku.

Jina lenyewe la Cossus ni la zamani zaidi ya Linnaeus. Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwamba Warumi walikula mabuu manene ya mwaloni waliyoyaita kwa jina hilo, wakiyanenepesha kwa unga. Wengi wamedhani ni kiwavi wetu, lakini kwa harufu ile mimi naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba walikula mabuu ya mbawakawa.

Sasa tuuangalie mti. Nondo-beberu si mchaguzi sana wa aina ya mti: mierebi na mipopla ndiyo anayoipenda zaidi, lakini hukaa pia katika mialoni, miti ya betula, mitufaha, mipeasi, micheri na mingineyo yenye majani mapana. Anachochagua kwa makini ni hali ya mti. Jike hupendelea shina lenye jeraha, lenye gome lililopasuka, lililokwaruzwa na mashine ya kukatia nyasi, au ambalo tayari lina viwavi wa vizazi vilivyotangulia. Ndiyo maana utaona mwerebi mmoja umetobolewa kama kichungi na mwingine ulio hatua 10 kutoka hapo ukiwa mzima kabisa. Mwerebi wako, uliokatwa kichwa mara nyingi kwa desturi ya nchi hiyo, una makovu mengi ya kumkaribisha, na bila shaka umekuwa na wapangaji hawa tangu kabla hujahamia hapo.

Je, utakufa? Si lazima, na kwa kawaida si haraka. Maji ya mti hupanda kupitia mbao za nje, na chakula hushuka kupitia tabaka lililo chini ya gome, wakati kiini cha mti mzee ni mbao zilizokwisha kufa, ambazo kazi yake iliyobaki ni kushikilia uzito. Viwavi wengi wakubwa huchimba ndani huko, na mti unaweza kuvumilia jambo hilo kwa miaka mingi. Madhara makubwa hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni viwavi wachanga wanapokuwa wengi chini ya gome hata majeraha yao yakaunganika na kulizunguka shina lote, na hilo ni hatari zaidi kwa mti mwembamba kuliko kwa mzee wako. Ya pili ni kwamba njia zao hufungua mlango kwa kuvu wanaoozesha mbao, na shina lililooza ndani, likibebeshwa matawi mazito juu, linaweza kupasuka siku ya upepo mkali.

Yale majimaji yanayochuruzika yana wageni wake. Utomvu unaochacha juu ya gome huwavuta vipepeo wakubwa, mavu, nzi na mbawakawa, na ukiketi hapo alasiri moja ya Agosti utaona mkusanyiko ambao hauupati kwenye ua lolote la bustani. Matundu yaliyoachwa hukaliwa na wadudu wengine wasioweza kujichimbia, na viwavi wenyewe ni riziki ya kigogota na ya nyigu wanaotaga mayai ndani ya miili yao. Nchini Uingereza nondo huyu amepungua kiasi cha kuwekwa katika orodha ya viumbe vinavyopewa kipaumbele katika hifadhi. Mti uliokaliwa naye huko ni jambo ambalo watu hufurahia kuonyeshwa.

Kuhusu mtufaha wako, hofu ya jirani ina msingi, ingawa njia aliyoieleza si sahihi. Hatari haitoki kwa kiwavi anayetembea ardhini, bali kwa jike anayeruka kiangazi kijacho, na jike huyo anaweza kuwa ametoka kwenye mwerebi wako au kwenye mti ulio mbali ambao hutauona kamwe. Kuukata mwerebi hakumzuii. Kinachomzuia zaidi ni mtufaha usio na majeraha. Usiache mashine ya nyasi iguse shina, kata matawi kwa msumeno mkali usiochana gome, na kila kiangazi chunguza sehemu ya chini ya shina kama ina vumbi jekundu lenye unyevu au doa linalolowana bila mvua. Ukiliona mapema, waya mwembamba unaopenyezwa ndani ya tundu hadi umfikie kiwavi ni dawa ya kale ambayo bado inafaa, na wako minyoo wadogo sana wanaouzwa kwa ajili ya wakulima, ambao huingizwa tunduni pamoja na maji na kumuua kiwavi kwa ndani. Kupuliza sumu juu ya gome ni kupoteza fedha, kwa sababu mdudu yuko ndani ya mbao na sumu iko nje. Wenye mashamba makubwa ya matunda hutumia mitego yenye feromoni kuwanasa madume, lakini kwa mtufaha mmoja sioni haja.

Nisingependa hata hivyo udhani kwamba nondo watoboa miti hawabadiliki katika uchaguzi wao. Afrika Kusini yuko ndugu wa huyu, Coryphodema tristis, mdudu wa asili ya huko ambaye kwa muda mrefu alijulikana kama msumbufu wa mizabibu, mitufaha na matunda mengine. Mwaka 2004 aligunduliwa akitoboa mashamba ya mikaratusi ya aina ya Eucalyptus nitens huko Mpumalanga, mti ulioletwa kutoka Australia ambao hakuna aliyetarajia angeugusa. Mashina yaliharibika kwa wingi, na wataalamu wa misitu wamekuwa wakishughulika naye tangu hapo. Mti mgeni ukipandwa kwa maelfu mahali pamoja, wadudu wenyeji huweza kujifunza kuula. Bustani yenye mwerebi mmoja na mtufaha mmoja haiko katika hali hiyo.

Mbao za nyumba ziondoe kabisa katika hesabu zako. Nondo-beberu hutaga kwenye mti uliosimama, wenye gome na unyevu, na mbao kavu zilizorandwa hazimfai kitu. Kiwavi anaweza kuingizwa ndani akiwa katika kuni, akatokea nondo sebuleni na kuwashtua watu, lakini hatazaliana katika kenchi za paa lako.

Kwa hiyo kazi ya kufanya ni kuukagua mti na kuupunguzia mzigo. Muite mkaguzi wa miti aupime kama shina lina nguvu za kutosha, hasa ikiwa watu hupita au kuketi chini yake, na ikiwa matawi ya kichwa yameachwa yakarefuka, yakatwe wakati wa baridi kama ilivyo desturi ya mierebi hiyo, kisha desturi hiyo iendelee kila baada ya miaka michache. Iwapo mkaguzi ataamua kwamba sehemu ya juu ni ya hatari, omba ibakishwe nguzo ya shina yenye kimo cha mtu, kwa sababu viwavi waliomo wataweza kumaliza ukuaji wao na mwerebi mara nyingi huchipua upya. Kumbuka pia kwamba manispaa nyingi za Uholanzi hutaka kibali kabla ya kuangusha mti mkubwa, hata ulio katika kiwanja chako.

Kwa kuwa umesema wewe ni wa Lamu, pengine utapenda kujua kwamba pwani ya kwenu nayo ina jamaa wa mbali wa mdudu huyu. Ukipita kwa mashua kando ya mikoko utaiona mililana, ile inayosimama mbele kabisa kuelekea maji, ambayo mafundi wa majahazi hutafuta matawi yake yaliyopinda kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Katika sehemu kadhaa za pwani ya Kenya matawi ya mililana yamekuwa yakikauka kuanzia juu kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoboaji ni wawili: nondo wa jenasi ya Salagena, na mbawakawa mwenye papasi ndefu aitwaye Bottegia rubra. Huko ushauri wangu usingekuwa huu nilioutoa hapa, kwa sababu mlilana ndio unaotangulia kushika tope la ufukweni, na ukifa kwa wingi mikoko iliyo nyuma yake hupigwa na mawimbi moja kwa moja.

Kuhusu wako, subiri hadi katikati ya Juni, kisha uende kwenye mwerebi asubuhi na mapema ukiwa na tochi, ukaukague kuanzia shinani hadi usawa wa kifua. Pupa wa nondo huyu ana miiba midogo iliyopangwa kwa mistari tumboni, ambayo humsaidia kujisukuma hadi nusu ya mwili wake itokeze nje ya tundu kabla nondo hajachomoka. Ukiona ganda la rangi ya hudhurungi, tupu na jepesi kama karatasi, limechomoza kwenye gome, angalia upande wa juu yake taratibu bila kugusa, maana mwenyewe huwa ametambaa hatua chache tu na kutulia hapo akikausha mabawa.